Gredi ya kwanza si Ngazi ya kwanza: nilivyoingia kwenye ufundi stadi kupitia jikoni

Watu wakiniuliza nilisomea nini hadi nikawa mratibu wa mafunzo kazini kwenye chuo cha ufundi, huwa najibu kwamba nilisomea chapati. Wanacheka, nami nawaacha wacheke. Shahada ninayo, ya biashara, ya mwaka 2011, iko kwenye fremu nyumbani kwa mama yangu Tabata. Ila kazi ninayoifanya leo sikuipata kwa ile fremu.

Naandika kwa sababu haupiti mwezi bila mtu kunipigia: mwalimu aliyechoka na chaki, mhitimu aliyekaa nyumbani mwaka wa pili, fundi anayetaka kufundisha. Wote wanauliza njia. Njia niliyopita mimi ilikuwa na mashimo, na mengine nilijichimbia mwenyewe.

Nilianzia dirishani, benki, nikiwa nimeajiriwa na wakala kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Miaka minne nilihesabu hela za watu. Mwaka 2015 mkataba ukaisha na hakuna aliyeniita kuusaini upya. Kosa langu la kwanza lilianza kesho yake. Sikumwambia mtu. Nilivaa sketi ya kazini, nikapanda daladala saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, nikaenda kukaa Maktaba Kuu pale Bibi Titi mpaka jioni. Nilifanya hivyo miezi miwili. Nauli, chai, kutoa kopi za wasifu, bahasha za kaki: akiba yote ikaishia hapo. Kama umepoteza kazi, sema siku hiyohiyo. Aliyekuja kuniokoa alikuwa karibu siku zote, ila hakujua kama nazama.

Alikuwa shangazi yangu, mama ntilie wa Gerezani, ule mtaa wa mafundi Dar es Salaam. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Siku aliyoujua ukweli alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, aibu haijazi sufuria. Njoo ushike mwiko." Nikaenda kwa wiki mbili. Nilikaa miaka mitatu.

Asiyeijua Gerezani aje Desemba. Shule za bweni zinafunguliwa Januari, na kila mzazi anataka tranka. Kuanzia alfajiri ni nyundo juu ya bati, mamia ya nyundo, hakuna anayesikilizana na mwenzake. Kijiwe chetu kilikuwa kati ya watengeneza matranka na wachomelea mageti. Mtaji aliouacha shangazi ulikuwa shilingi 180,000, masufuria manne na deni la mkaa. Wiki ya kwanza niliunguza wali mara tatu. Wakaniita Bi Benki. "Bi Benki, leo riba imeungua tena!"

Pale ndipo nilipoanza kuuona ufundi. Kulikuwa na mzee mmoja, mteja wetu wa kila siku, maharage na chapati mbili, anachomelea mageti tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa akiitazama nafasi ya geti kwa mbali, anakata chuma, na chuma kinaingia. Nilimwona akimkataza kijana wake kuchomelea kona moja hadi mwisho kwa mkupuo. "Shika kidogo hapa, hamia kule, rudi. Ukiipasha upande mmoja itakuvuta, geti litakuwa kama mkeka uliokaukia juani." Hakuwa na hata karatasi moja.

Siku moja kampuni ya ujenzi ilitaka wachomelea sita. Vijana watano wa mzee wakaenda na ovaroli zimefuliwa. Wakarudi kabla ya saa nne. Getini waliulizwa vyeti. Walikaa kwenye benchi langu hawasemi, mmoja anazungusha kikombe cha chai kilichokwisha. Mimi nilikuwa na cheti kikubwa kuliko vyote walivyoulizwa, na nilikuwa nakuna nazi. Wao wangeweza kulijengea jengo lile ngazi na madirisha yake yote. Nilijisikia vibaya kwa namna ambayo hata siku ya kutoka benki sikuisikia.

Nikasema nitauliza. Alhamisi moja, baada ya chakula cha mchana kuisha, nikapanda gari hadi Chang'ombe, kwenye chuo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Huko ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza kwamba upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Huhitaji kurudi darasani miaka miwili kujifunza unachokijua. Unajaza fomu, unahojiwa, mtathmini anakuona ukifanya kazi, panapopungua panazibwa kwa mafunzo mafupi, ndipo unapewa cheti. Mamlaka yenyewe imekuwepo tangu sheria ya mwaka 1994, na mafundi niliowalisha kila siku hawakuwa wamesikia habari hii. Wala mimi, na shahada yangu.

Waliojitokeza walikuwa tisa. Nikawajazia fomu kwa mwandiko wangu wa benki, na hapo nikaharibu. Niliandika kwa lugha ya maombi ya kazi: "nina uzoefu mpana katika uunganishaji wa metali kwa viwango vya juu." Kwenye mahojiano mtathmini akamsomea mzee maneno hayo na kumuuliza maana yake. Mzee alinyamaza. Jioni akanifuata kijiweni, hana hasira, ila sauti imeshuka. "Mwanangu, umeniandika mtu mwingine. Mimi ninatengeneza mageti."

Tukaanza upya. Sasa nilikaa na kila mmoja, nikauliza na kuandika alichosema: geti la mlango wa duka, la kukunja, mwaka fulani, Kinondoni, tenki la maji la lita elfu moja, stendi yake futi kumi na mbili. Tukapiga picha za kazi kwa simu, tukaomba barua kwa wateja wawili wawili. Ukiwasaidia mafundi kwenye utaratibu huu, waandike kwa maneno yao na kwa vitu walivyovitengeneza. Mtathmini naye ni fundi, maneno makubwa hayamshtui.

Na kodi jenereta. Siku ya kutathminiwa umeme ulikatika saa tatu asubuhi, mtathmini ameshafika, mashine imelala. Nilikimbia mtaa wa pili kukodi jenereta kwa 30,000, hela ya mchele wa siku ile. Waliokuwa na njaa mchana huo walikula mihogo.

Kati ya tisa, sita walipata vyeti. Mmoja alisafiri katikati ya shughuli, wawili waliishia njiani. Nilichogundua ni kwamba pengo lao halikuwa mkononi. Lilikuwa kwenye kusoma mchoro na kwenye usalama. Mtu amechomelea miaka ishirini na miwani ya jua, ukimwambia habari ya kioo cheusi chenye namba, cha kukinga macho, anaona unamdekeza. Macho yao usiku yalikuwa yanawasha kama yamemwagiwa mchanga, wakadhani ndiyo kazi ilivyo.

Baada ya hapo kichwa kikanipanda. Nikaamua mimi ni mwalimu wa ufundi. Mtu mmoja aliyejua kuongea aliniambia ana "nafasi" ya kozi ya ualimu wa ufundi stadi kule Morogoro, nimtolee shilingi 350,000 ashughulikie. Nikatoa. Simu yake ikawa haipatikani. Nikapanda basi mwenyewe hadi chuoni, na ofisa pale, mwanamama mpole sana, akaniuliza swali moja: "Fani yako ni ipi, mama?" Nikasema biashara, nikasema nimewasaidia mafundi. Akarudia: "Fani. Utafundisha kufanya nini?" Ualimu unajengwa juu ya fundi aliyekwisha kuiva. Nilichokuwa nimekwenda kununua hakiuzwi, na kama ningepiga simu chuoni kwanza ningejua bure. Nilirudi Dar dirishani mwa basi nikihesabu ile laki tatu na nusu ni sahani ngapi za wali. Ni nyingi.

Kwa hiyo nikajiandikisha kozi fupi ya jioni ya kuchomelea. Nina miaka thelathini na miwili, darasani wenzangu wamezaliwa juzi, wananiita mama. Ada, ovaroli, buti na nauli vilinila kama laki nne na nusu, na kwa miezi mitatu nilikuwa nafunga kijiwe saa tisa. Shangazi alinuna.

Wiki ya kwanza fimbo ya kuchomelea ilikuwa inanata. Unaigusisha chuma, inang'ang'ania, unaivuta, kichwa cha fimbo kinabaki. Mwalimu akaniambia nifumbe macho wakati yeye anachomelea, nisikilize. Fimbo ya milimita 2.5, umeme kama ampea sabini. Nikafumba. Nikausikia mlio ninaoujua kuliko yeyote darasani: mafuta yaliyopata moto sawasawa, samaki ndio wameingia. Umeme ukiwa mdogo mlio unakatikakatika kama mafuta ya baridi. Ukizidi, unavuma na kuruka cheche, kama mafuta yaliyoanza kutoa moshi. Tangu siku ile mkono wangu ulifuata sikio. Sikuwa fundi hodari, na sijawa hadi leo. Mshono wangu una matuta. Lakini nikiingia karakana najua nani anachomelea na nani anabandika.

Mwaka 2018 chuo kimoja cha binafsi kilitafuta mtu wa kuwatafutia wanafunzi nafasi za mazoezi kazini. Mkuu wa chuo hakuangalia vyeti vyangu sana. Aliniuliza, "Vingunguti unamjua nani? Keko je?" Nikaanza kumtajia: yule wa makabati nyuma ya msikiti, yule wa bodi za malori, yule mama wa cherehani sita. Akaandika hadi karatasi ikajaa. Mshahara ulikuwa 400,000, chini ya ule wa benki na, miezi mizuri, chini ya faida ya chapati. Mwambie mwenza wako mapema kuhusu hilo. Mimi nilichelewa, tukakorofishana mwaka mzima.

Nilidhani kazi ni kuomba nafasi. Kwenye viwanda vikubwa nilikaribishwa kwa mlango wa utumishi, na jibu lilikuwa moja: "Dada, sisi tunalipa tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwezi, asilimia nne na nusu ya mishahara, na bado mnatuletea vijana tuwafundishe?" Mara ya kwanza nilinyamaza, kwa sababu sikujua wanasema nini. Nikaenda kuisoma. Ukiwa kwenye kazi hii isome na wewe, ilikuwa 4.5 tangu 2016, ikawa inashushwa kidogo kidogo, Julai 2023 ikafika 3.5, na mwajiri ana haki ya kuuliza inamrudishia nini. Siku hizi najibu kwa swali: ni fundi gani mliyemtafuta mwaka huu mkamkosa? Hapo mazungumzo yanahamia karakanani, na msimamizi wa karakana anaitwa. Huyo ndiye ninayemtaka.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo linaniuma hadi leo.

Zamani mafundi walipimwa kwa majaribio ya ufundi yenye gredi tatu. Gredi ya III ndiyo ya chini, ya I ndiyo ya juu. Ukisikia mzee anasema "nina gredi wani", vua kofia. Baadaye vikaja vyeti vya taifa vya ufundi stadi vyenye ngazi tatu, na hivi vinahesabiwa kwenda juu: Ngazi ya I ni ya kuanzia, ya III ndiyo kilele. Mtu wa darasani anaona namba moja, namba moja. Mimi niliona hivyohivyo.

Fundi mitambo mmoja, mtu mzima, alikuja chuoni kuomba tumwandikie utambulisho kwa mwajiri aliyetaka mtu wa Ngazi ya III. Alikuwa na Gredi ya I. Nikaandika, kwa nia njema kabisa na mwandiko mzuri, kwamba ana sifa "sawa na Ngazi ya I." Yaani nilimchukua aliye juu ya ngazi nikamshusha hadi chini, nikapiga mhuri. Mwajiri alimwita kijana mwingine. Miezi miwili baadaye mwalimu wetu wa mitambo aliikuta nakala ya barua kwenye faili, akaja nayo mezani kwangu, akaiweka bila kusema kitu, akaweka kidole kwenye ile namba.

Nilimtafuta yule baba hadi Mbagala. Nilimwamkia, nikamweleza, nikaomba radhi. Alisikiliza akiendelea kufuta spana kwa kitambaa, moja baada ya nyingine. "Nilijua," akasema. "Niliisoma nje ya geti. Nikasema labda siku hizi mmebadilisha." Hakunipigia simu kuuliza kwa sababu mimi ndiye mwenye mhuri. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifundisha ninafanya kazi gani. Tangu hapo barua yoyote ninayomwandikia fundi anaisoma yeye kwanza, kwa sauti kama anataka, na naulizwa maswali kabla ya mhuri. Inanichelewesha, na inachelewesha foleni yote nje ya mlango wangu. Sawa.

Kosa la pili lilihusu binti mmoja wa uchomeleaji, wa pekee kwenye darasa lake. Nilimpeleka karakana moja kubwa, nikafurahi kwa sababu wamiliki walikuwa watu wa heshima. Wiki nane. Kitabu chake cha kumbukumbu kilirudi kimejazwa vizuri na kusainiwa kila Ijumaa. Nikafungua mikono yake. Mikono ya mtu aliyechomelea wiki nane huwa na vidoti, cheche hupita kwenye glovu. Yake ilikuwa laini, inanuka sabuni ya vyombo. Alikuwa anafagia, anapika chai, anatumwa vocha. "Mbona hukusema?" Akasema, "Madamu, ulisema tuwe na nidhamu."

Ni kweli nilisema. Ilikuwa kwenye hotuba yangu ya kuwaaga.

Wiki nane hazirudi. Tulimtafutia nafasi nyingine wakati wa likizo, nikamlipia nauli mfukoni mwangu, akamaliza muhula nyuma ya wenzake. Hotuba nikaibadilisha. Sasa nawaambia: ukifagia siku tatu mfululizo, nipigie. Na kabla ya kumpeleka mtu, hasa binti, naiangalia karakana kwa macho ya mgeni asiye na haraka. Choo kikoje na kina komeo? Glovu na kioo vipo vingapi, na nani anavivaa? Naomba jina la fundi mmoja atakayekaa naye, siridhiki na "ofisi itampangia". Kitabu cha kumbukumbu nakisoma, ila siku hizi naangalia mikono kwanza.

Tangu mtaala mpya uanze Januari 2024, na shule za sekondari zenye mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, zikaanza kidato cha kwanza, simu zimeongezeka. Wakuu wa shule wanauliza watawapeleka wapi watoto wakaone mashine. Nawapa majina ya mafundi, na nawaomba wasiwaite mafundi hao "wadau". Waende wanywe nao chai.

Kuhusu wale wanaotaka kuingia kwenye kazi hii bila kuwa mafundi: inawezekana, nafasi zipo, za uratibu, ushauri, utafutaji wa waajiri, uhasibu wa vyuo. Lakini jifunze fani moja hata kwa kiwango cha matuta kama changu. Usimlipe dalali. Usiache biashara yako ndogo siku ya kwanza ya mshahara. Mimi nilimwachia binamu kijiwe na bado kinanilipia kodi ya nyumba miezi mshahara ukichelewa.

Wiki iliyopita nilikwenda Buguruni kumwona mwanafunzi bila kutoa taarifa. Sikuanzia ofisini. Nilikaa kwenye benchi la mama ntilie aliye mbele ya karakana, nikaagiza maandazi na chai ya rangi, nikamwamkia, tukaongea bei ya mkaa kwanza. Hakuna msimamizi anayeijua karakana kama anayeilisha. Anajua nani kalipwa, nani kafukuzwa, nani anatumwa chai.

"Yule binti wa chuo anaendeleaje?" nikauliza kama mtu anayepitisha muda.

"Yupi, yule mweusi mwembamba?" Alikuwa anageuza andazi. "Huyo ananitia hasara. Chakula chake kinapoa kila siku. Ukimwita anasema subiri mama, nikiacha mshono katikati utapasuka."

Nikaagiza chai nyingine.